Kiwavijeshi vamizi: ramani ilipatia, kalenda ikakosea

Upasue muhindi wa wiki nne hapo moyoni, kwenye majani machanga ambayo bado yamejisokota, utamkuta kiwavi amejikunja chini ya kinyesi chake kilichokauka kama unga wa msumeno. Mara nyingi ni mmoja tu. Wakiwa wadogo huwa wengi, lakini wakikua hulana wenyewe kwa wenyewe, na aliyeshinda hubaki na muhindi wake peke yake. Mwangalie kichwani: pana mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa juu chini. Rudi nyuma hadi pingili ya pili kutoka mwisho: madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba. Alama hizo mbili zikikutana kwa kiwavi mmoja, basi huyo ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda.

Kisa chake ndicho ninachotaka kukichambua hapa, kwa sababu ni nadra kupata mdudu mharibifu ambaye utabiri wake tunaweza kuusahihisha kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Maswali yaliulizwa, majibu yakaandikwa, kisha mdudu mwenyewe akajibu.

Asili yake ni maeneo ya joto ya mabara ya Amerika, na sayansi inamjua tangu 1797. Hakuwa mgeni wa kufungua vitabu. Mwanzoni mwa 2016 akaonekana Afrika Magharibi: Nigeria, Benin, Togo, na visiwani São Tomé na Príncipe. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Zambia. Mapema 2017 akaripotiwa Afrika Kusini, na Machi mwaka huohuo Kenya. Kufikia mwanzo wa 2018 zaidi ya nchi 40 za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa naye. Mei 2018 akakutwa kwenye mahindi ya jimbo la Karnataka, India. Januari 2019 China ikamthibitisha Yunnan, na mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni alikuwa ameshaingia kwenye majimbo yake 26. Mapema 2020 akatua Australia: kwanza visiwa vya mlangobahari wa Torres, halafu Queensland ya kaskazini. New Zealand ikampata 2022. Miaka sita, kutoka ghuba ya Guinea hadi Pasifiki.

Je, haya yangeweza kujulikana mapema? Jibu langu ni kwamba yalijulikana nusu, na ile nusu iliyojulikana ndiyo ilikuwa rahisi.

Tuanze na iliyo rahisi. Mdudu huyu ana udhaifu mmoja mkubwa: hajui kulala. Wadudu wengi wa nchi za baridi husimamisha ukuaji wao majira yanapokuwa mabaya, wakasubiri kama yai au pupa mpaka joto lirudi. Yeye hana uwezo huo. Baridi kali ikimkuta, anakufa. Ndiyo maana kwa Marekani yote anapitisha majira ya baridi kusini mwa Florida na kusini mwa Texas tu, kisha kila mwaka nondo wake hupanda kaskazini na upepo wa masika, kizazi baada ya kizazi, hadi Kanada. Huko wanakufa wote baridi inaporudi, na mwaka unaofuata safari inaanza upya kutoka kusini.

Kwa mdudu wa namna hiyo kuchora ramani si kazi ngumu sana. Unachukua mahali anapoishi mwaka mzima, unaangalia joto na mvua za mahali hapo, kisha unatafuta duniani kote penye hali inayofanana. Uchambuzi wa dunia nzima uliotoka 2018, ukiongozwa na Regan Early, ulikuta kwamba mambo mawili ndiyo yanayombana zaidi: baridi ya kipindi kibaya kuliko vyote katika mwaka, na kiasi cha mvua katika majira ya mvua. Waandishi hao wakaenda hatua moja zaidi ya tabianchi. Walitazama njia za biashara na usafiri kutoka Afrika, wakazitaja nchi zilizo hatarini zaidi: Australia, China, India, Indonesia, Malaysia, Ufilipino na Thailand. Isome tena orodha hiyo ukiwa na tarehe za hapo juu mkononi. Walipatia.

Hapo ndipo watu wengi huishia, wakasema modeli, yaani hesabu hizi za kutabiri, zinafanya kazi. Zinafanya, ila kwa swali la "wapi". Mkulima haulizi wapi, shamba lake halihami. Anauliza lini, wangapi, na mara ngapi kwa msimu. Nusu hii ya pili ndiyo iliyoyumba, na ndiyo mabadiliko ya tabianchi yanayoigusa.

Kabla ya kufika huko, neno moja kuhusu tarehe, maana zinadanganya. Ukizipanga nchi kwa mwaka wa kuripotiwa, unapata mshale mzuri unaotoka magharibi kwenda mashariki: Nigeria, Kenya, India, China, Australia. Mtu anaweza kuupimia mwendo mshale huo, akaugawa kwa miezi na kutabiri kituo kinachofuata. Wengi wamefanya hivyo. Lakini tarehe hizo ni za kuonekana, si za kufika. Siku za mwanzo viwavi hawa walidhaniwa kuwa funza wa mabua au kiwavijeshi yule wa asili ya Afrika tuliyemzoea. Halafu mwaka 2022 uchambuzi wa jenomu (seti nzima za vinasaba) zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali, ukiongozwa na Wee Tek Tay, ulionyesha kwamba wadudu wa Asia na Afrika hawatokani na mlango mmoja uliofunguliwa mara moja Afrika Magharibi. Waliingia zaidi ya mara moja, kwa njia tofauti. Kwa maana hiyo ule mshale, kwa kiasi kisichojulikana, ni ramani ya macho ya wakaguzi: ni nani aliangalia, wapi, na mwaka gani. Anayeulisha mshale huo kwenye modeli ya kasi ya uenezi anapima bidii ya ofisi za kilimo akidhani anapima mbawa za nondo.

Na mbawa zenyewe si za mchezo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hutaja kilomita 100 hivi kwa usiku mmoja, nondo akipanda kwenye upepo. Jike mmoja hutaga mayai kwa mafungu ya mia moja hadi mia mbili, na katika maisha yake hupita elfu moja. Mimea inayomlisha imeorodheshwa kuwa 353. Ukiwa na mdudu wa aina hii, umbali haumzuii; kinachobaki kumzuia ni joto.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana bila hesabu maneno "dunia ikipata joto wadudu wataongezeka" hayana uzito wowote.

Mdudu hana joto lake mwenyewe mwilini, anakua kwa joto analokopeshwa na hewa. Chini ya kiwango fulani hakui kabisa. Juu yake, kila nyuzi inayozidi kwa siku nzima ni kama senti anayoweka akibani, na akiba ikifika kiasi maalumu, yai limekuwa nondo. Hannalene du Plessis na wenzake wa Afrika Kusini waliwafuga wadudu hawa kwenye vyumba vya joto tofauti, kuanzia nyuzi 18 hadi 32 za Selsiasi, na mwaka 2020 wakatoa tarakimu: ukuaji unaanza juu ya nyuzi 12.57, na akiba inayohitajika kutoka yai hadi nondo ni 391.61. Alistawi vizuri zaidi kati ya nyuzi 26 na 30.

Fanya hesabu mwenyewe. Mahali penye wastani wa nyuzi 26, kila siku anaweka akiba 13.43, kwa hiyo kizazi kimoja kinamchukua siku 29. Ongeza nyuzi mbili: siku 25. Umepunguza siku nne. Sasa panda mlimani, mahali penye nyuzi 18. Akiba ya siku ni 5.43 tu, na kizazi kinachukua siku 72. Ongeza nyuzi mbili zilezile: siku 53. Umepunguza siku 19.

Ongezeko ni lilelile la nyuzi mbili, lakini bondeni limekata kama sehemu moja ya nane ya muda, na mlimani zaidi ya robo. Sababu iko wazi ukiitazama akiba: aliyekuwa na kidogo, kidogo kikiongezwa kinaonekana. Kwa hiyo anayetafuta mahali ambapo ongezeko la joto litabadilisha maisha ya mdudu huyu asiangalie nyanda za chini zenye joto. Huko mdudu keshajaa, na joto likizidi sana linaanza kumuua badala ya kumsaidia. Aangalie miinuko. Joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita elfu unazopanda, kwa hiyo nyuzi mbili za ongezeko ni kama kuusogeza mstari wa nyuzi 18 kwenda juu mita 300. Kwenye mteremko wa mlima, mita 300 ni vijiji vizima.

Hesabu hii ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia wasiwasi. Nimeona ikitumiwa hivi: msimu wa mahindi milimani ni siku 200, kwa siku 72 unapata vizazi 2.8, kwa siku 53 unapata 3.8, basi kizazi kizima kimeongezeka. Kosa liko wapi? Muhindi nao unakua kwa joto. Nikichukua nyuzi 8, kizingiti cha kuanza kukua kinachotumika mara nyingi kwa zao hili, muhindi wa siku 200 kwenye nyuzi 18 unakomaa kwa siku 167 kwenye nyuzi 20. Gawanya 167 kwa 53: vizazi 3.2. Ongezeko la kizazi kimoja limekuwa chini ya nusu kizazi. Bado ni ongezeko, na lina maana, kwa sababu kizingiti cha mdudu kiko karibu zaidi na joto la mlimani kuliko cha mmea, hivyo kila nyuzi inamnufaisha yeye kuliko muhindi. Lakini nusu si moja. Ripoti inayomwongezea mdudu vizazi huku ikiuacha mmea palepale ulipokuwa imehesabu upande mmoja wa daftari.

Kuna mtego wa pili, nao unavuta upande wa pili. Ramani nyingi za tabianchi hutumia wastani wa mwezi. Tuchukue mahali penye wastani wa nyuzi 13, juu ya kizingiti kwa kitu kidogo tu. Kwa wastani huo mdudu anaweka akiba 0.43 kwa siku, na kizazi kimoja kingemchukua zaidi ya siku 900. Ramani itapaka mahali hapo rangi ya usalama. Lakini wastani wa nyuzi 13 unaweza kuwa mchana wa nyuzi 20 na usiku wa nyuzi 6. Usiku hapati kitu, ila mchana anapata 7.43 kwa nusu siku, yaani 3.7. Kizazi kinashuka hadi siku 105. Ni mahali palepale na wastani uleule, ila hukumu imegeuka: kutoka haiwezekani hadi mara tatu kwa mwaka, ikiwa usiku wenyewe haumuui. Kwenye nyanda za joto kosa hili halionekani, kwa sababu mchana na usiku vyote viko juu ya kizingiti. Linaonekana palepale penye ukingo wa baridi, ambapo ndipo tunaitaka modeli itusaidie.

Ndiyo maana mtu akiniletea ramani ya mwaka 2050 yenye rangi nyekundu, machungwa na kijani, swali la kwanza si modeli ipi bali joto lipi: la mwezi, la siku, au la saa? La pili ni hili: ni joto la kituo cha hali ya hewa, au la ndani ya muhindi? Kiwavi hakai kituoni. Amekaa kwenye majani yaliyojisokota, penye unyevunyevu, jua la adhuhuri likimfikia kwa kuchujwa.

Mvua nayo ina mambo yake. Modeli huihesabu kama rafiki wa mdudu: mvua huleta majani, majani hulisha viwavi. Ni kweli kwa msimu. Kwa siku moja ni kinyume. Mvua kubwa ikinyesha juu ya muhindi mchanga, maji hujaa moyoni mwake, na viwavi wadogo huzama au kusombwa. Kwa hiyo milimita zilezile za mwezi zina matokeo mawili: zikija kidogokidogo zinamlea, zikija kwa dhoruba tatu zinampunguza. Mabadiliko ya tabianchi kwa sehemu nyingi hayagusi jumla ya mvua tu, yanagusa namna inavyonyesha, na jumla ya mwezi haikuonyeshi hilo.

Halafu kuna umwagiliaji, ambao nauona kuwa tundu kubwa kuliko yote. Modeli inayotegemea mvua itakuambia bonde fulani ni kavu mno miezi mitano kwa mwaka, kwa hiyo mdudu hawezi kudumu hapo. Nenda bondeni miezi hiyo mitano ukute mahindi ya kuchoma yamesimama kijani kando ya mfereji. Kwa mdudu asiyelala, kipande hicho cha kijani ni daraja. Anavuka nacho kiangazi, na mvua zikianza yuko tayari, hahitaji kusafirishwa na upepo wowote. Zipo modeli zinazokuruhusu kuongeza maji ya umwagiliaji juu ya mvua, na kwa mdudu huyu zinatoa ramani tofauti kabisa. Shida ni kwamba ramani nzuri za mashamba madogo ya mfereji ni chache kuliko ramani za mvua.

Hapo juu nilisema mkulima huuliza pia wangapi. Hebu tuone swali hilo lilivyojibiwa. Mwaka 2017 CABI, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo, ilikadiria kwamba katika nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi, kama hakuna kinachofanyika, hasara ingekuwa kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka. Makadirio yalitokana kwa kiasi kikubwa na wakulima kuulizwa wameona nini, na mwaka huo walikuwa wameona mambo ya kutisha: majani yaliyotobolewa kama chekecheke. Kisha, katika utafiti uliotoka 2019, Frédéric Baudron na wenzake wakaingia kwenye mashamba ya mashariki mwa Zimbabwe, wakapima uharibifu na mavuno yenyewe. Wakapata upungufu wa asilimia 11.57.

Sisemi kundi la kwanza lilidanganya. Muhindi uliotobolewa majani ukiwa mchanga una uwezo mkubwa wa kujiponya. Sura yake inaogopesha kuliko gunzi lake. Na kuna jambo ambalo hakuna ramani ya tabianchi iliyolitabiri: maadui wake walimpata. Nyigu wadogo sana, Telenomus remus, wanaotaga mayai yao ndani ya mayai ya nondo, waligunduliwa kuwa tayari wapo Afrika, katika nchi kadhaa, bila mtu yeyote kuwa na habari. Nyigu hao nao wana kizingiti chao cha joto na akiba yao ya siku. Joto likipanda mlimani, mdudu anapanda. Je, nyigu anapanda naye, au anabaki nyuma misimu miwili mitatu? Mwanya huo wa misimu miwili mitatu ndio mavuno yatakapopotea.

Inanishangaza kwamba katika zogo lote hili ni wachache waliokumbuka kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na utabiri wa viwavijeshi kabla ya huyu mvamizi kufika. Kwa yule wa asili, Spodoptera exempta, anayetembea chini kwa makundi na kumaliza nyasi na nafaka kisha akatoweka, kulikuwa na mitego ya nondo na taarifa za mvua zikikusanywa miaka mingi. Huko Kilosa, Tanzania, utabiri ulishushwa hadi kijijini: mtego mmoja wenye harufu ya jike, kipimo kimoja cha mvua, na kanuni rahisi. Nondo wakizidi idadi fulani na mvua ikinyesha kiasi fulani, kijiji kinatangaziwa. Ulikuwa utabiri wa wiki, si wa miaka hamsini, na ulijibu swali la "lini".

Kanuni ile haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Exempta huja ghafla kwa makundi makubwa baada ya dhoruba za kwanza. Frugiperda akishaingia yupo tu, anapanda na kushuka kwa idadi. Mitego yake pia hunasa nondo wa jamaa nyingine wanaofanana naye, kwa hiyo anayehesabu lazima ajue kutofautisha. Mwaka 2018 FAO ilitoa programu ya simu, FAMEWS, ili wakulima na maafisa ugani waingize walichoona shambani na mtegoni. Data nyingi zikaingia, na zenye faida zaidi kwa modeli, nadhani, ni zile ambazo hakuna anayezifurahia kuziandika: mtego umekaguliwa, nondo sifuri.

Maana modeli inayojua tu alipoonekana haijui asipokuwepo. Pale kwenye mita elfu mbili, ambapo leo anakuja mwishoni mwa msimu na kufa, sifuri za miezi ya baridi zilizoandikwa kila wiki kwa miaka kumi zitaonyesha mwaka gani sifuri ya Julai imeacha kuwa sifuri. Wanaopanga mitego wanaipeleka kwenye mahindi mengi, nyanda za chini, ambako jibu linajulikana. Ningekuwa na mitego ishirini, kumi na tano ningeipandisha mlimani, na kando ya kila mmoja ningetundika kipimajoto kinachoandika kila saa.